Nyumba Uliyonichorea

Bulla Hodhan, Ijara
Jumapili, 4 Mei 2025

Na hapana, Ridwan, shati lako sijalifua. Uliniuliza ukiwa umeshapanda lori, na mbele ya baba yako sikuweza kukujibu, kwa hiyo najibu leo. Liko chini ya mto wangu na litakaa huko mpaka harufu yako iishe. Siku kumi na nane tu za ndoa, kisha ukanyakuliwa. Wanawake wa hapa wananitania kwamba natembea nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nimeokota kweli.

Mnara wa simu bado umelala tangu magaidi walipoulipua, na wewe simu yako inakaa kwenye sanduku la lango la kambi ya jeshi, basi tutaandikiana kama wazee wetu. Abdihafid wa lori la unga amesema barua itafika Garissa Jumatano na Modogashe kabla ya Ijumaa. Anasema hasomi barua za watu. Rafiki yangu Filsan, aliyehamia Garissa akafungua duka la kushona, alinionya kwamba anazisoma zote. Kama unasoma, Abdihafid, endesha polepole.

Nyumbani watu wazima tumebaki watatu: mimi, baba yako Aabo Kulow na dada yako Idman. Mume wa Idman, Hamze, bado yuko malishoni na ngamia, na tumbo la mke wake linakua bila yeye. Mtoto anatazamiwa mwanzoni mwa mwezi wa saba. Idman ananionyesha kovu la mtoto wa kwanza kama anayeonyesha kitambulisho. Daktari wa Garissa aliyempasua alimwambia wazi kwamba wa pili asizaliwe nyumbani kabisa, kwa sababu kovu linaweza kufunguka, na likifunguka kila saa ina maana.

Kwa hiyo kila jioni tunatembea mpaka kwenye ile wodi mpya ya wazazi. Kuta zimesimama na mabati yapo juu. Limebaki tangi, vitanda, plasta, na mkunga wa kuzalisha na kumkimbiza Garissa anayehitaji kupasuliwa. Tumeambiwa fungu la kumalizia limo kwenye bajeti ya mwaka huu. Idman ameshachagua dirisha lake, lile la upande wa mti wa miiba, ili aone mbuzi.

Niandikie kuhusu ile nyumba uliyosema tutapata. Niandikie upesi, hata uongo mdogo mdogo nitaupokea.

Mkeo, na bado nashangaa kuliandika neno hilo,
Hasna


Kambini, nje ya Modogashe
Jumanne, 13 Mei 2025

Macaanto, tamu yangu,

Barua yako ilifika ikiwa na unga. Nimeisoma nikiwa zamu na nikakosea kuhesabu magari mawili.

Hapa ni vumbi, chai na maharagwe. Wenzangu wamenipa jina la Bwana Arusi, na Shuaib, ambaye kitanda chake kinapakana na changu, ananiuliza kila asubuhi kama nimeota.

Nyumba si uongo. Mkubwa wetu ametangaza kwamba kambi mpya itafunguliwa upande wa Ijara kabla ya mwaka kuisha, na askari wenye wake watapewa nyumba. Nimeandikwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu mimi ndiye mwenyeji wa huko. Mojawapo ya nyumba hizo imeshaezekwa, na mkubwa amenionyesha ramani yake. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Vyumba viwili vikubwa. Madirisha manne. Mlango mpana wa mbao mbili, kitanda kinapita bila kufunguliwa miguu. Mbele hakuna ngazi, kuna mteremko wa saruji. Tangi la maji litakaa pembeni, na bomba litaingia ndani, Hasna. Utafungua maji ukiwa umekaa.

Utakuwa karibu na kwetu, mwendo wa kutembea. Usimwambie mtu bado, hata Idman.

Wako,
Ridwan


Bulla Hodhan
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mume wangu, mchoro wako nimeutazama mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Nimeshapanga kila kitu. Kitanda ukutani, pazia la rangi ya zafarani, meza ndogo ya uji wako. Nitafungua bomba bila sababu, nisikie tu maji yakitoka, kisha nifunge, kisha nifungue tena, na wewe utanigombeza. Ninakupenda kwa ajili ya mteremko wa saruji. Nani mwingine angemkumbukia mkewe mteremko?

Lakini nina jambo, na limeniwasha siku tatu nzima.

Jumatatu walikuja watu wa bajeti ya kaunti kusikiliza maoni ya wananchi. Kiongozi wao anaitwa Noordin, mtu mpole, ana miwani na kalamu tatu mfukoni. Kwa kuwa baba yako ndiye mkubwa wa bulla, mtaa wetu huu, walikaa kwetu. Unamjua Aabo. Alichinja mbuzi yule mweupe. Mimi nilikuwa nimesimama na birika.

Noordin akasema, "Wazee, pesa ni chache na mahitaji ni mengi. Fungu lililobaki ni moja. Liende kumalizia wodi, au liende kwenye usalama? Semeni wenyewe, mimi naandika."

Aabo akamwambia, "Kula kwanza, mgeni wetu. Nyama inapoa."

"Nimeshiba, mzee. Hii wodi, mna haja nayo kweli?"

"Sisi hatuna shida. Tunamshukuru Mungu. Nyinyi ndio mmetoka mbali, poleni na safari."

Ridwan, unajua na mimi najua. Mgeni ana mfupa mkononi, mwenyeji atamwambiaje kwamba ana dhiki? Anaulizwa mara ya kwanza anakataa. Ya pili anakataa, lakini kwa sauti ndogo. Ya tatu ndipo anakohoa na kusema, labda, kidogo. Baraza zima lilikuwa linangoja ulizo la pili. Noordin hakuuliza. Aliinamisha kichwa akaandika. Aliandika kwamba wakazi wa Bulla Hodhan hawana shida na wodi. Kisha watu wakatia sahihi kwenye karatasi ya waliohudhuria, wakapewa soda.

Idman alinifinya mkono. "Sema wewe uliyesoma," aliniambia. Mimi ni bi arusi wa mwezi mmoja, siwezi kupaza sauti mbele ya baba mkwe na wageni wake. Nikamimina chai. Nilimimina chai, Ridwan, na mtoto wa dada yako akiwa amekaa hapo pembeni ndani ya tumbo la mama yake akisikiliza.

Tangu siku hiyo nimekasirika na kila kitu. Nilienda dukani kununua kilo ya sukari, nikamwuliza Bishara kwa nini bei imepanda, akasema kodi. Kodi imo kwenye sukari, na kwenye sabuni, na kwenye mafuta ya taa. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha Kidato cha Tatu kwamba hakuna Mkenya asiyelipa kodi, hata asiyejua kusoma neno lenyewe. Basi Idman analipa. Ananunua sabuni ya kufulia nguo za mtoto, na sehemu ya sabuni hiyo inakwenda kununua risasi. Nani alimuuliza?

Watu wa bajeti watakaa tena Masalani tarehe 17 Juni, kikao cha mwisho. Nataka kwenda.

Nibusu paji la uso. Nimekuonyesha hasira kabla hata hatujamaliza miezi miwili, samahani.
Hasna


Kambini
Ijumaa, 30 Mei 2025

Macaanto,

Usiende Masalani.

Nisikilize kwanza. Mwaka jana mimi ndiye niliyeokota viatu vya muuguzi wa chanjo barabarani. Gari lao lilikanyaga bomu mchana kweupe. Unasema wodi, mimi nasema sawa, lakini huyo mkunga atapita wapi? Walimu wangapi wamekimbia Ijara? Hawakukimbia kwa sababu ya plasta. Sisi tunakunywa chai isiyo na sukari, wengine wetu wanarudishwa kwao ndani ya mbao, halafu watu wanasema pesa za usalama zinaliwa bure.

Tena pesa za jeshi ni za serikali kuu, na zahanati ni za kaunti. Ni mifuko miwili. Ukisimama Masalani utakuwa unawapigia kelele watu wasiohusika, na jina utakalotaja ni jina langu, kwa sababu wewe ni mke wa askari. Itanifikia hapa.

Mpeleke Idman Garissa mapema, nitatuma nauli. Haya mengine yaache yapite. Fikiria nyumba yetu.

Wako,
Ridwan


Bulla Hodhan
Alhamisi, 5 Juni 2025

Ridwan,

Jana asubuhi walikuja vijana watatu wenye futi ya chuma wakapima wodi. Mmoja akamwambia mwenzake ukuta wa katikati ubaki na pale nyuma liwekwe jiko. Nikawauliza jiko la wagonjwa? Wakacheka kwa adabu. "La familia, dada. Hizi ni nyumba za askari."

Nilirudi nyumbani nikachukua mchoro wako, nikaenda kusimama mbele ya jengo. Madirisha manne. Mlango wa mbao mbili, mpana, kwa sababu kitanda cha mgonjwa kina magurudumu. Mteremko, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu hapandi ngazi. Nilikushukuru kwa mteremko huo. Niliandika kwa mkono wangu kwamba ninakupenda kwa ajili yake.

Ulijua. Uliandika "imeshaezekwa", uliandika "karibu na kwetu", ukaniomba nisimwambie hasa Idman. Dirisha nililopanga kuwekea pazia la zafarani ni dirisha lake.

Sasa kuhusu mifuko yako miwili. Mimi nina mfuko mmoja. Bishara ana droo moja. Ninapolipia sukari hakuna anayeniuliza shilingi hii niitie kwa wanajeshi au kwa wakunga. Redio inasoma mabilioni ya usalama kwa dakika nzima, kisha afya inasomwa mtangazaji akiwa ameshachoka. Na hapa mifuko imekutana vizuri sana, jengo la mmoja limeingia kwenye kambi ya mwingine bila hata kubisha hodi.

Viatu vya yule muuguzi vimeniliza. Sikatai, linda. Lakini niambie, ukishamaliza kulinda barabara yote, na mkunga akafika salama, atafikia wapi? Sebuleni kwetu?

Nimeolewa na mtu ninayemwota mchana. Nilikuwa tayari kuishi nawe ndani ya hema. Siwezi kulala kwenye chumba hicho nikisikia mwanamke wa jirani akizaa juu ya mkeka.

Nitakwenda Masalani.
Hasna


Kambini
Jumatano, 11 Juni 2025

Hasna,

Nilijua. Mkubwa aliponionyesha ramani nilisoma maneno yaliyokatwa juu yake: wodi ya wazazi. Nilikaa na ramani ile muda mrefu. Nikajiambia kwamba wameshaamua wakubwa, kwamba jengo limekaa mwaka mzima na mbuzi ndani, kwamba wewe utapata bomba. Maneno haya yalinitosha mpaka barua yako ilipofika siku ya tatu ya Idi, nikaisoma mara moja tu.

Leo nimekwenda kufuta jina langu. Karani ameuliza sababu, nimesema mke wangu hataki. Wamecheka. Kabla sijatoka ofisini Shuaib alikuwa ameandikwa mahali pangu. Naye ana mke, na watoto wawili wanaolala jikoni kwa mama mkwe wake. Nilimwambia jengo hilo ni la nini. Akasema, "Mimi sikulijenga, Bwana Arusi. Mimi napangiwa." Ni maneno yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kukataa kwangu hakumpi Idman kitu. Nakwambia ili usinisifu.

Nenda Masalani. Mchukue Aabo. Aliyesema hatuna shida ni yeye, na karatasi yao itamsikiliza yeye kuliko wewe. Jina langu litaje ukitaka.

Ridwan


Garissa, chumba cha uani kwa Filsan
Ijumaa, 20 Juni 2025

Ridwan wangu,

Dada yako yu hai, na mtoto yu hai, ni msichana. Nakuandikia hili kwanza ili usome mengine umekaa.

Barua yako ilinifikia Jumapili. Nilimsomea Aabo pale uliposema karatasi itamsikiliza yeye. Alikwenda kuwatazama mbuzi. Jumanne alfajiri nilimkuta amevaa koti la harusi yetu. Tulikodi gari, ile Probox ya jirani yetu Abdijabar. Idman akakataa kubaki. "Mimi ndiye wodi yenyewe," alisema, akapanda mbele.

Ukumbini Masalani walitupa viti, wakaleta chai ya maziwa na mandazi, maana sasa wenyeji ni wao. Noordin alitutambua akafurahi. Aabo akakisukuma kikombe mpaka katikati ya meza.

"Kunywa, mzee, umetoka mbali," Noordin akamwambia.

"Sinywi."

Mzee wa kwetu kukataa chai ya mwenyeji, wote walijua maana yake, hata Noordin alijua, akaweka kalamu chini.

"Ulikuja kwangu," Aabo akasema, "ukala mbuzi wangu, ukaniuliza kama nina shida. Ulitaka nikujibu nini, ukiwa na nyama mdomoni? Nilikupa jibu la mgeni ukalipeleka kwenye bajeti. Leo mimi ndiye mgeni, niulize tena."

"Mzee, taratibu za kikao..."

"Niulize."

Noordin akauliza kama Bulla Hodhan wana haja na wodi. Aabo akajibu kwamba wana haja nayo kuliko kambi, na ana mwana ndani ya jeshi na hamwonei aibu. Kisha akanigeukia. "Huyu ni mke wa mwanangu. Alikuwa amesimama na birika siku ile, na mimi ndiye niliyemfanya anyamaze. Msikilizeni."

Niliongea, Ridwan. Nilizungumza juu ya sukari na sabuni, na mlango wa mbao mbili. Niliwaambia mume wangu ni askari na nampenda mno, na kwamba wanaomtuma kulinda nyumba wasimpe wodi ya dada yake kuwa chumba cha kulala. Nadhani nililia kidogo. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Kotile naye akasukuma kikombe chake, na jirani yake, mpaka meza ikajaa chai inayopoa. Noordin akaandika upya, akatusomea: kumbukumbu ya kwanza imefutwa, jengo lisikabidhiwe kwa kambi mpaka bajeti ipigiwe kura. Kuhusu mkunga, tangi, vitanda, hakuandika kitu. Nilipomuuliza alisema hilo ni fungu jingine.

Tulikuwa bado mlangoni chupa ya uzazi ya Idman ikapasuka. Majuma mawili kabla ya wakati.

Tukaondoka kuja Garissa saa hiyo hiyo. Kwenye kizuizi cha kwanza tukaambiwa tusubiri msafara, hakuna gari la raia kupita peke yake. Askari hawakuwa wabaya, mmoja alimpa Idman maji yake ya kunywa, mwingine akasimama akimfunikia jua kwa turubai. Lakini gari la kuongoza msafara lilikuwa limetumwa kwingine, na amri ni amri. Tulingoja muda wa karibu saa nne. Idman alikuwa ameacha kulalamika, na hapo ndipo niliogopa. Mwishowe yule wa turubai alipanda kwenye Probox yetu na bunduki yake, bila ruhusa ya mtu, akasema twendeni. Sijui jina lake. Kama ataadhibiwa nataka kujua.

Kovu lilikuwa limefunguka. Daktari alimtoa mtoto, kisha akatoa na kizazi, kwa sababu damu ilikataa kusimama. Alisema tungefika mapema kwa saa mbili angekiokoa. Idman ana miaka ishirini na mitatu. Ameamka jana. Aliuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, akauliza mbuzi, hajauliza hilo jingine, na hapana aliyemwambia. Aabo amekaa nje ya wodi, anakunywa maji tu.

Kwa hiyo mimi sina tena hasira ya kuandikia barua. Nina hasira ya kubeba. Walikuwa na gari la kulinda, wakakosa la kumpitisha mwanamke mmoja anayevuja damu, na kumbe mkunga na tangi la maji vingegharimu pungufu ya ukuta wa kambi. Bajeti itapigiwa kura wiki ijayo. Filsan na mimi tunakusanya majina ya wanawake wa sokoni, na safari hii hakuna soda.

Wewe sikusifu, kama ulivyoomba. Lakini nilipokuwa nimemshika Idman kichwa ndani ya lile gari, ni wewe niliyekuwa nikikutaja, kwa sauti, kama mwendawazimu. Nimekukasirikia na bado sijui kulala upande wako wa kitanda.

Nyumba hatuna, mume wangu, na hatutakuwa nayo kwa muda. Abdihafid anasema akishapakia unga atanipeleka bure. Nitakuja Modogashe kabla ya mwezi huu kuisha, Idman akishaweza kukaa. Omba ruhusa ya saa moja, na utafute mahali popote tunapoweza kukaa wawili, hata kama ni kwenye kivuli cha lori, maana habari ya kizazi cha dada yako lazima niimalize nikiwa nimekushika mikono.

Mkeo,
Hasna